Kwa nini f(x − 3) inakwenda kulia ilhali katika gemu tunaandika x + 3? Mradi wa kubuni gemu umezua mjadala darasani

#1 Mwl_Mindu
Wakuu, habari za kazi. Nafundisha hisabati kidato cha tatu katika shule ya kutwa mkoani Morogoro, na nimekuja na swali lililozuka darasani kwangu kutokana na mradi niliowapa wanafunzi.

Muhula huu niliamua kwamba sura ya fanksheni isiishie kwenye kujaza jedwali na kuunganisha nukta. Kila kikundi kilitakiwa kubuni gemu ndogo yenye mhusika anayetembea, anayeruka na anayegeuka kutazama upande wa pili, pamoja na kizuizi kimoja au viwili vyenye umbo la grafu. Kila tendo lilipaswa kuandikwa kwa mlinganyo, na kikundi kingine kilipaswa kuicheza gemu hiyo kwa kuandika milinganyo tu. Waliopata zamu ya maabara walitumia Scratch, programu ya kutengenezea gemu ambayo ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Waliobaki walitumia karatasi za grafu na vipande vya manila.

Swali ni hili. Katika msimbo wa gemu, ukitaka mhusika aende kulia hatua 3, unaongeza 3 kwenye x yake. Katika daftari la hisabati, ukitaka grafu ya y = f(x) iende kulia hatua 3, unaandika y = f(x − 3). Msichana mmoja aliliweka daftari lake kando ya skrini akaniuliza kwa nini kujumlisha kumegeuka kuwa kutoa. Najua kwamba vyote viwili ni sahihi. Ninachotafuta ni maelezo ambayo mtoto wa miaka 16 atayashika bila kukariri kwamba "ndani ya mabano mambo huwa kinyume", kwa sababu sentensi hiyo haimwelezi chochote.

Mwenzangu wa idara anasema mradi ndio ulioleta mkanganyiko. Mimi nashikilia kwamba mkanganyiko ulikuwepo siku zote, ila hakuna mwanafunzi aliyepata sababu ya kuuliza. Ninyi mnaelezaje?

#2 JedwaliKwanza
Mkuu, usiliache jedwali haraka hivyo. Chukua f(x) = x². Thamani 0 hupatikana pale x ilipo 0. Sasa andika (x − 3)² na uwaulize ni x ipi itakayotoa 0; watasema 3. Ni x zipi zitakazotoa 4? Watasema 5 na 1, ilhali mwanzo zilikuwa 2 na −2. Kila thamani ya y inachelewa kupatikana kwa hatua 3. Mwanafunzi akipanga mistari miwili ya jedwali, mmoja chini ya mwingine, ataziona namba zilezile zimehamia kulia. Sioni kinachohitajika zaidi ya hapo.

#3 FundiMsimbo
Jedwali la #2 linathibitisha kwamba grafu imehama, lakini halijibu swali la yule msichana. Yeye hakuuliza kama grafu imehama. Ameuliza kwa nini gemu inajumlisha na daftari linatoa.

Mimi huandika programu kwa ajili ya kazi, na ninavyoona, vitu viwili tofauti vimevaa alama zinazofanana. Katika gemu, x + 3 ni amri inayoelekezwa kwa nukta moja: chukua mahali ulipo, ongeza 3, simama hapo. Lakini y = f(x − 3) si amri hata kidogo. Ni kipimo kinachoiuliza kila nukta ya ukurasa kama imo kwenye grafu au haimo. Nukta iliyokwisha kusogea kulia, ili ijibu swali hilo, lazima irudi nyuma hatua 3 ikaangalie ilikotoka, kwa kuwa f inazijua nukta za zamani tu. Kutoa kunatokana na safari hiyo ya kurudi.

#4 Mwl_Mindu
Asante FundiMsimbo, "amri" na "kipimo" ni maneno ninayoweza kuyabeba hadi darasani. Hata hivyo najua swali litakalofuata: mbona y haina tatizo hilo? Tukitaka grafu ipande hatua 3 tunaandika f(x) + 3, na hapo kujumlisha kunabaki kujumlisha.

#5 Nyuzi90
Tatizo hilo y inalo pia, ila limefichwa na mazoea yetu ya kuandika y peke yake upande wa kushoto. Andika grafu iliyokwenda kulia hatua 3 na kupanda hatua 2 namna hii: y − 2 = f(x − 3). Sasa x na y zimetendewa sawasawa, zote mbili zinarudishwa zilikotoka. Tunapoihamisha ile 2 kwenda upande wa pili ndipo inapogeuka kuwa kujumlisha, na mwanafunzi anadhani y ina tabia yake tofauti.

Hali ni hiyohiyo kwa kuvuta na kuminya. Ukitaka grafu iwe na urefu mara 2, andika y/2 = f(x). Ukitaka iwe na upana mara 2, andika y = f(x/2). Kanuni inabaki moja. Kwa maoni yangu mwalimu akianza na umbo hili tangu siku ya kwanza, swali la #1 halizuki.

#6 Bi_Ondoro
Hamjambo. Mimi nafundisha upande wa Kenya, Kisumu, na ninapingana kidogo na Nyuzi90, ingawa hesabu yake haina dosari. Wanafunzi wangu hukutana na jambo hili kwa uzito wakiwa kidato cha nne, kwenye grafu za trigonometria, na pale hakuna anayewaandikia y/3 = sin(2x + 30°). Mtihani unaandika y = 3 sin(2x + 30°), kisha unauliza grafu ya sin x imefanywa nini hadi ikafika hapo.

Wengi hujibu kwamba imesogea kushoto nyuzi 30. Imesogea nyuzi 15, kwa sababu ile 2 imeuminya pia usogezaji wenyewe: 2x + 30 huwa 0 pale x inapokuwa −15. Umbo zuri la Nyuzi90 haliwasaidii wasipoweza kulitambua ndani ya umbo baya walilopewa.

Kwa hiyo nauliza: gemu za Mwl_Mindu zinawafikisha kwenye 2x + 30, au zinaishia kwenye kusogeza mhusika kulia na kushoto?

#7 Mrukaji
Nafuatilia uzi huu kwa hamu. Napendekeza maelezo ya muda, kwa kuwa gemu zote zina saa ndani yake.

Mhusika anayeruka kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, tukichukua mvutano wa dunia kuwa 10, ana urefu f(t) = 10t − 5t². Anafika kileleni sekunde ya 1, mita 5 juu, na anatua sekunde ya 2. Sasa mlete mhusika wa pili anayeanza kuruka sekunde 3 baada ya mwenzake. Saa ya gemu ikisoma 4, yeye amekuwa hewani kwa sekunde 4 − 3, yaani 1, na yuko kileleni. Urefu wake ni f(t − 3). Kutoa 3 ni kuondoa muda aliokuwa amesimama akisubiri. Grafu yake ni ileile, imesogea kulia kwa sababu amechelewa. Sijaona mwanafunzi akiuliza "kwa nini kutoa" baada ya maelezo hayo.

#8 FundiMsimbo
Maelezo ya #7 ni mazuri, lakini yanategemea mhimili wa mlalo uwe muda. Katika gemu za Mwl_Mindu kuna pia vizuizi vyenye umbo la grafu, na pale x ni mahali. Kilima hakichelewi. Mwanafunzi aliyeelewa kwa saa peke yake atakwama akifika kwenye kilima.

#9 Mrukaji
Kilima hakichelewi, lakini anayetembea kutoka kushoto kwenda kulia anachelewa kukifikia.

#10 Mwl_Mindu
Mrukaji amenikumbusha jambo lililotokea, nami naliweka hapa kwa sababu lilinifunza kuliko maswali ya kitabu. Kikundi kimoja kilikuwa na wahusika wawili kama wa #7, wa pili akiruka kwa f(t − 3). Walipoanzisha gemu, mhusika wa pili alionekana chini ya mstari wa ardhi, na wote wakadhani mlinganyo una kosa. Niliwaomba waweke t = 0 wenyewe kwa kalamu. Walipata 10 × (−3) − 5 × 9, yaani −75. Mlinganyo ulikuwa sahihi. Wao walikuwa wameisogeza grafu bila kulisogeza eneo la matumizi yake. Mruko wa kwanza unahusu t kutoka 0 hadi 2, hivyo wa pili unahusu t kutoka 3 hadi 5, na kabla ya hapo urefu wake ni 0.

Wanafunzi wangu wa miaka iliyopita waliandika domeni kwa sababu swali lilisema "andika domeni". Hawa waliitafuta wenyewe, ili mhusika wao asizame ardhini.

Kuhusu swali la Bi_Ondoro, vikundi viwili tu vilifika kwenye kuminya na kusogeza kwa pamoja. Nitaeleza nikipata nafasi.

#11 Kasimba
Samahani kwa kuingilia, lakini wanafunzi wa mkoani wanawezaje kutumia Scratch kwa somo hili, ilhali sifuri ya skrini iko kwenye kona ya juu kushoto na y inaongezeka kuelekea chini? Si mnawafundisha kinyume cha daftari?

#12 Bi_Ondoro
Kasimba, hilo ni la mifumo mingi ya kompyuta, lakini si la Scratch. Jukwaa la Scratch lina sifuri katikati. X inaanzia −240 hadi 240, na y inaanzia −180 hadi 180, juu ikiwa chanya kama kwenye karatasi ya grafu. Kwa upande huo inalingana na daftari kabisa.

Jambo la kuangalia ni mzunguko. Katika Scratch, mwelekeo wa 0 ni juu, 90 ni kulia, na namba huongezeka kwa kufuata mwendo wa saa. Sisi darasani tunaanzia kulia na kuhesabu kinyume cha saa. Mwanafunzi aliyezoea Scratch ataizungusha pembetatu upande usio sahihi kwenye mtihani asipoambiwa.

#13 FundiMsimbo
Na hiyo mifumo mingine aliyoitaja Kasimba ni zawadi kwa mwalimu. Chukua dirisha lenye kimo cha pikseli 360, sifuri ikiwa juu, na mita moja ya mruko iwe pikseli 20. Ili mruko wa #7 uonekane ukienda juu, lazima uandike 360 − 20f(t). Katika mstari huo mmoja kuna kuvuta mara 20, kuna uakisi kwenye mhimili wa mlalo, na kuna kusogeza hatua 360. Kilele cha mita 5 kinatua kwenye pikseli ya 260. Ukisogeza kwanza ndipo uakisi, mhusika anatoka nje ya dirisha. Mwanafunzi haambiwi na mtu kwamba mpangilio una maana, anajionea.

#14 ChakiNaDasta
Wapendwa, nasoma kwa heshima, lakini naomba tuzungumzie muda. Hisabati ni somo ambalo kwa miaka mingi ufaulu wake kidato cha nne umekuwa chini kuliko masomo mengine makubwa. Mageuzo ya maumbo yako kidato cha pili, fanksheni kidato cha tatu, matriksi na mageuzo kidato cha nne, na hakuna sura yenye jina "mageuzo ya fanksheni". Mwalimu anayetumia majuma kadhaa kwa gemu anayachukua kutoka kwenye takwimu, duara na hesabu za biashara. Mwanafunzi wake atajua kuruka, lakini je, atajua kutafuta eneo la sekta?

#15 Mwl_Mindu
ChakiNaDasta, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Nilichofanya ni kuufanya mradi ubebe kazi za kidato cha tatu ambazo zilikuwepo vyovyote vile: domeni na renji, grafu za kipeo cha pili, fanksheni za hatua, fanksheni za |x|, na kinyume cha fanksheni. Ngazi ambazo mhusika anapanda ni fanksheni ya hatua. Paa la nyumba ni |x| iliyoakisiwa. Sikufundisha vitu hivyo kisha nikafundisha gemu. Vilifundishwa ndani ya gemu. Nakubali kwamba kikundi kinachofanya kazi polepole kinahitaji vipindi zaidi, na vipindi hivyo nilivipata mchana baada ya masomo.

#16 Zeituni_MN
Salaam kutoka Minnesota. Nafundisha Algebra 2 hapa Marekani, na viwango vya masomo vya Common Core vya mwaka 2010, ambavyo majimbo mengi yalivikubali ingawa Minnesota ina viwango vyake vya hisabati, vina kifungu kizima, F-BF.3, kinachomtaka mwanafunzi aeleze grafu inafanywa nini f(x) inapogeuzwa kuwa f(x) + k, kf(x), f(kx) na f(x + k). Kwa hiyo walimu wengi hapa Marekani muda wamepewa, na bado wanafunzi hukariri. Nataka ChakiNaDasta ajue kwamba kuwa na sura maalumu hakujaliondoa tatizo.

Wengi hapa hutumia Marbleslides ya Desmos, ambapo mwanafunzi anahariri mlinganyo ili gololi ziteleze juu ya grafu na kuzigusa nyota. Ni nzuri, lakini ina udhaifu ambao mradi wa Mwl_Mindu hauna: mtoto anaweza kubahatisha namba hadi nyota zote ziguswe, bila kueleza chochote. Anayebuni gemu mwenyewe hawezi kuficha ujinga wake hivyo, kwa sababu lazima aamue nyota zikae wapi na athibitishe kwamba kuna mlinganyo unaozifikia.

Nina onyo moja. Acheni kutumia parabola peke yake.

#17 JedwaliKwanza
Onyo la mwisho sijalielewa. Parabola ndiyo grafu wanayoijua vizuri kuliko zote. Kuna ubaya gani?

#18 Zeituni_MN
Ubaya wake ni kwamba parabola ina ulinganifu mwingi mno. Iakisi y = x² kwenye mhimili wa y: hakuna kilichobadilika, na mwanafunzi hawezi kujua kama ameakisi au hakuakisi. Ivute wima mara 4 upate 4x². Sasa rudi kwenye x² ya mwanzo, iminye mlalo iwe nusu ya upana upate (2x)², ambayo ni 4x² vilevile. Mageuzo mawili tofauti yametoa picha moja. Hata y = 2x² ni y = x² iliyopunguzwa nusu kila upande, kwa maana parabola zote zina umbo moja na hutofautiana kwa ukubwa tu.

Mimi hutumia umbo lililovunjika lisilo na ulinganifu: unganisha (0, 0), (1, 3), (2, 3) na (4, −1) kwa mistari iliyonyooka. Liakisi kwenye mhimili wa y nalo linatazama kushoto waziwazi. Livute wima mara 2, ncha ya mwisho inashuka hadi (4, −2). Liminye mlalo nusu, ncha hiyo inakwenda (2, −1). Hakuna mawili yanayofanana, na mwanafunzi hana pa kujificha.

#19 Nyuzi90
Hili la #18 limenifurahisha sana, na linaeleza jambo ambalo wenye vipande vya manila hukutana nalo. Ukikata parabola ya y = x² kwenye manila unaweza kuitelezesha na kuigeuza, lakini huwezi kuivuta. Mwanafunzi anagundua kwa mikono kwamba kuna mageuzo yanayohifadhi umbo na ukubwa, na mengine yasiyohifadhi. Mwaka 1872 mwanahisabati Mjerumani Felix Klein alipendekeza kwamba kila jiometri itambulishwe kwa mageuzo inayoyaruhusu na kwa yale yanayobaki bila kubadilika chini ya mageuzo hayo. Mtoto wa kidato cha tatu mwenye mkasi na manila amesimama mlangoni pa wazo hilohilo.

#20 Bi_Ondoro
Nyuzi90, tulijua utafika kwa Klein. Tulikuwa tunasubiri tu.

Kwa wasio na kompyuta, naongeza mchezo wa kadi ninaoutumia. Kila kadi ina geuzo moja: vuta wima mara 2, pandisha 3, minya mlalo nusu, songa kushoto 3, akisi. Mchezaji anavuta kadi mbili na kuchagua mpangilio, kisha anaandika mlinganyo na kuichora grafu, na mpinzani anaikagua kwa nukta moja. Ukianza na x², "vuta mara 2" kisha "pandisha 3" inatoa 2x² + 3. Ukigeuza mpangilio unapata 2x² + 6. Upande wa mlalo ndipo penye kazi: "minya nusu" kisha "songa kushoto 3" ni f(2x + 6), lakini "songa kushoto 3" kisha "minya nusu" ni f(2x + 3). Ndiyo njia iliyowafikisha wanafunzi wangu kwenye zile nyuzi 15.

#21 KameraMoja
Natengeneza gemu za simu, na nashangaa kwamba hakuna aliyeitaja kamera. Katika gemu yoyote inayotembea, ulimwengu ni mpana kuliko skrini. Mahali pa kitu kwenye skrini ni mahali pake ulimwenguni ukitoa mahali pa kamera. Kamera ikienda kulia 3, kila kitu kwenye skrini kinaonekana kimekwenda kushoto 3, na kilima kinachochorwa kwa skrini ni y = f(x + 3). Kwa hiyo alama iliyo ndani ya mabano haimwambii kilima asogee, inamwambia mtazamaji asogee. Ukisoma x + 3 kama "mtazamaji ameenda kulia", basi kujumlisha ni kulia kila mahali, na mgongano wa #1 umekwisha.

#22 FundiMsimbo
Sikubali kwamba umekwisha. Umeondoa kinyume kwenye alama na kukiweka kwenye macho: sasa mwanafunzi atauliza kwa nini kamera ikienda kulia kilima kinakwenda kushoto. Kwangu amri na kipimo bado vinaeleza zaidi.

#23 KameraMoja
Hilo halimsumbui mtu yeyote aliyewahi kukaa dirishani kwenye basi. "Kipimo kinachoiuliza nukta" ndicho kitakachomsumbua.

#24 Amina_F5
Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Mambo yalinikalia sawa nilipoacha kutumia x moja kwa vitu viwili. Nukta ya zamani niliita (x, y), mpya nikaiita (X, Y). Kusogea kulia 3 ni X = x + 3 na Y = y, kama gemu inavyosema. Nukta ya zamani ilitii y = f(x). Nami nataka sheria ya mpya, kwa hiyo badala ya x naweka X − 3: Y = f(X − 3). Baadaye tunaacha kuandika herufi kubwa, na pale ndipo wengi tunapopotea.

#25 Mwl_Mindu
Marahaba Amina, na hongera. Umeandika kwa mistari michache kile ambacho #3 na #5 walikisema kwa njia mbili tofauti. Wasiwasi wangu ni kwamba wengi wa kidato cha tatu huogopa wanapoona herufi nne.

Nilimuahidi Bi_Ondoro mfano wa kuminya na kusogeza. Kikundi kimoja kilitaka hatua ya pili ya gemu yao iwe mwezini. Walikuta kwamba mvutano wa mwezi ni kama 1.6 badala ya 10, wakaandika g(t) = 10t − 0.8t². Kilele chake kiko sekunde ya 6.25, mita 31.25 juu. Mvulana mmoja aligundua kwamba 31.25 ni 5 mara 6.25, na 6.25 ni 1 mara 6.25. Tukajaribu pamoja: 6.25 × f(t/6.25). Ukifungua mabano unapata 10t − 0.8t² kamili. Yaani grafu ya mruko wa mwezini ni grafu ya mruko wa duniani iliyokuzwa mara 6.25 kila upande, si umbo jipya. Nilifundisha parabola kwa miaka bila kuliona hilo, kwa kuwa hakuna kitabu kilichoniomba nimrushe mtu mwezini.

#26 ChakiNaDasta
Mfano wa mwezi umenigusa, nami nitaujaribu katika kipindi kimoja. Lakini tusidanganyane kuhusu upimaji. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa kwa awamu mwaka 2024, unasisitiza umahiri, nao unaupa mradi kama huu nafasi nzuri. Swali langu ni alama zinatolewaje. Katika kikundi cha wanafunzi sita, mmoja anaijua kompyuta na ndiye aliyekalia kiti, watano wanatazama. Gemu ikipendeza, wote sita wanapata alama za mmoja.

#27 Zeituni_MN
Ndiyo maana mimi sitoi alama kwa gemu. Natoa kwa ukurasa mmoja ambao kila mwanafunzi anaujaza peke yake: nampa umbo la #18 na mlinganyo ambao haumo kwenye gemu ya kikundi chake, aniambie nukta nne zimekwenda wapi na kwa mpangilio upi. Mfano y = f(6 − 2x).

#28 JedwaliKwanza
Nimeukubali mtihani huo kwa jedwali langu. 6 − 2x ikiwa 0, x ni 3. Ikiwa 1, x ni 2.5. Ikiwa 2, x ni 2. Ikiwa 4, x ni 1. Nukta mpya ni (3, 0), (2.5, 3), (2, 3) na (1, −1). Sikuhitaji kamera wala amri.

#29 Bi_Ondoro
Nukta ni sahihi, lakini Zeituni ameomba pia mpangilio, na jedwali halikukupa. Mimi ningesema: minya nusu, akisi kwenye mhimili wa y, songa kulia 3, kwa kuwa 6 − 2x ni −2(x − 3). Ile 4 inakuwa 2, kisha −2, kisha 1.

#30 Amina_F5
Mwalimu, mimi nimepata mpangilio mwingine: songa kushoto 6, minya nusu, kisha akisi. Ile 4 inakuwa −2, kisha −1, kisha 1. Nimeijaribu kwa nukta zote nne na zinakubali. Je, msahihishaji mwenye jibu la #29 mkononi atanipa alama?

#31 Zeituni_MN
Kwangu utapata zote, mradi umeandika kwamba umezikagua nukta nne. Kwa msahihishaji mwenye mwongozo wa jibu moja, sijui wenzangu wa huko watasemaje.

#32 Bi_Ondoro
Huku kwetu naomba uandike hatua zote tatu, Amina, usiruke hata moja. Anayeandika "songa kushoto 6" na kuishia hapo anakosa, ingawa nusu ya kazi yake ni sahihi.